Kuonja Si Kumeza

Msichana mwenye birika alikuwa amesimama mbele yangu kwa muda, nami nilikuwa sijanyoosha mikono. Tulikuwa kwenye matanga ya Mama Kahindo, nyumbani kwake hapa Lubumbashi, chini ya turubai la kukodi, na chakula kilikuwa kimeshapangwa mezani: bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya mhogo, samaki wakavu wa Pweto waliopikwa na nyanya, na kuku kidogo kwa ajili ya padri na wageni wa mbali. Watu walinawa mmoja baada ya mwingine, maji yakidondokea ndani ya ndoo, na ndoo hiyo ndiyo iliyonizuia. Ilikuwa ya bati, imebonyea ubavuni, na kwenye ukingo wake kulikuwa bado na doa la zambarau ambalo sabuni haikuwahi kulitoa. Niliijua ndoo hiyo kuliko ninavyowajua baadhi ya wakwe zangu. "Mama, hautanawa?" msichana akaniuliza kwa adabu, akidhani huenda nimezidiwa na msiba. Nilikuwa nimezidiwa kweli, ila hakuweza kujua ni kwa nini. Nikamwambia aendelee na wengine, mimi atanirudia.

Habari za ukoo wangu nitaziruka, maana ukianza na ukoo wa Mluba hutafika kwenye divai. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, nimemaliza shule, naishi na Baba kule Ruashi katika nyumba ambayo tulikuwa tunaijenga bado chumba kwa chumba, na kazi sina. Siku moja niliingia kwenye duka la Mama Kahindo mjini kuuliza kama anahitaji mtu wa kufagia. Lilikuwa duka la zamani, dari juu sana, sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe, na madirishani alikuwa ametundika magunia yaliyoloweshwa maji ili chupa zisipate joto, kwa hiyo ukitoka kwenye jua la Oktoba ulijiona umeingia kisimani. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa glasi yenye divai nyekundu kidogo, akasema ninuse, nimwambie nasikia nini. Nikanusa. Nikamwambia nasikia masuku, yale matunda ya porini, yaliyoiva mno, yanayoanguka yenyewe. Akanitazama, akaichukua glasi, akanusa yeye, akacheka mpaka akashika meza. Muuzaji aliyemletea divai ile alikuwa amemwambia kwa Kifaransa kwamba inanuka tunda fulani la Ulaya, naye kwa miezi yote ile alikuwa anawarudia wateja neno hilo bila kuliona tunda lenyewe hata kwenye picha. Kuanzia siku iliyofuata nilikuwa na kazi, na haikuwa ya kufagia tu.

Mama Kahindo alikuwa mtu wa Butembo. Ndugu zake walikuwa huku Katanga kwa biashara ya jumla, saruji na magodoro, na mmoja wao alikuwa na malori yaliyokwenda kusini mpaka Afrika Kusini na kurudi kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Yeye peke yake ndiye aliyechagua divai, na walimcheka mezani kila Jumapili. Chanzo chake kilikuwa safari moja: alipanda lori la kaka yake kwenda kununua vipuri, lori likaharibika njiani, na familia moja yenye shamba dogo la mizabibu ikamlaza na kumlisha kwa siku kadhaa. Aliona bibi mzee akichuma zabibu na wajukuu wake, aliona jamaa hao wakila chakula cha mchana kwenye meza ileile waliyobandikia karatasi kwenye chupa, na tangu hapo akaapa kwamba hatauza divai ya kiwanda. Alinunua kutoka kwa familia ndogo tu, watu aliowahi kula kwao au aliokuwa akisikia sauti zao kwenye simu. Majina ya mashamba hakuyataja kamwe. Alisema, "Lete ile ya mujane," au, "Ile ya bandugu benye kugombana," maana walikuwepo ndugu wawili waliolima pamoja bila kusemezana. Wateja nao walizoea hivyo. Wakili mzima, na tai yake shingoni, aliingia akaomba chupa mbili za bandugu benye kugombana, na hakuna aliyeona ajabu.

Sasa nimtaje Baba, kwa sababu mwaka ule wote ulikuwa mikononi mwake. Baba alikuwa katekista, mtu mkimya, mwenye kupima maneno. Kaka yake mkubwa aliuawa na lutuku, ile pombe kali ya kupikwa vichochoroni. Walimwokota asubuhi ndani ya mfereji. Siku ya maziko Baba aliapa mbele ya padri, na tangu hapo alikunywa maji, chai, na munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, wa siku hiyohiyo, kabla haujaanza kuchachuka. Nilipomwambia nimepata kazi kwenye duka la divai aliweka chini tonge lake. Aliniambia kwamba mwonja asali haonji mara moja, na kwamba mkubwa wake naye alianza kwa kuonja. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Mwishoni alisema, "Mwaka moya. Kisha nitakuya miye mwenyewe, nione na macho yangu. Kama sitapenda, utaenda ku shangazi yako, Pweto." Shangazi aliuza samaki wakavu kwa magunia, alikuwa amezeeka, na alikuwa anaomba msaidizi. Nilimpenda shangazi, na samaki wake naapa hawana mfano. Lakini nilipofikiria maisha yangu yote yakinuka kitu kimoja, nilijisikia kama mtu anayefungiwa mlango. Kumbishia Baba halikuwa jambo la nyumbani kwetu. Nilichoweza ni kuutumia mwaka wangu.

Nikautumia. Chumba cha nyuma cha lile duka ndicho shule yangu, kuliko ile niliyolipiwa karo. Kulikuwa na meza ndefu ya fundi cherehani aliyekuwa na duka hilo kabla yetu, bado ina alama za mkasi, na kwenye kona kulikuwa na mbabula tuliyopikia kwa makaa. Saa za mchana tulikula hapo, bukari na mchicha wa lengalenga, siku nyingine uyoga wakati wa mvua, siku nyingine finkubala, wale viwavi wakavu, waliokaangwa na chumvi, na Mama Kahindo alifungua chupa iliyobaki ya juzi, akanipa kijiko kidogo cha divai baada ya tonge. Alitaka kujua kila moja inapatana na nini cha kwetu. Tuligundua kwamba divai nyeupe ya yule bibi mzee inapatana na finkubala kuliko inavyopatana na jibini, na kwamba ile ya bandugu benye kugombana haiwezi kukaa na sombe, zinapigana mdomoni. Nikajifunza kuipa kila chupa harufu ya hapa: mzizi wa munkoyo, asali ya porini, kichuguu chekundu kikipigwa na mvua ya kwanza. Mwanzoni niliona haya kusema hivyo mbele ya wateja waliosoma. Kumbe walikuwa wanangoja mtu awaambie. Mmoja aliposikia neno kichuguu alifumba macho, akaanza kutusimulia alivyokuwa akikimbizana na kumbikumbi utotoni, na akasahau alikuja kununua nini.

Jumamosi alasiri palikuwa na kuonja, na hapo ndipo ndoo ilipoingilia. Mama Kahindo alikuwa ameona kusini kwamba wajuzi wa divai huizungusha mdomoni kisha huitema, ili kichwa kibaki safi mpaka chupa ya mwisho. Akanunua ndoo mpya ya bati sokoni, akaiweka katikati ya meza juu ya kitambaa cheupe, akapanga glasi kuizunguka. Mgeni wa kwanza kuketi alikuwa Papa Mwilambwe, mzee mstaafu wa reli, mtu wa heshima, kofia haitoki kichwani. Alipoiona ndoo alikunja mikono ya shati, akainyoosha juu yake, akangoja. Tukamtazama. Naye akatutazama. Kisha akauliza taratibu, "Maji iko wapi?" Wageni wengine wote wakaanza kukunja mikono yao, maana chombo kikiwekwa mezani kabla ya kula ni cha nini kingine? Nilikuwa karibu kupasuka kwa kicheko, lakini Mama Kahindo alinikata jicho, akaniambia nilete birika na sabuni. Wakanawa wote, na tangu siku hiyo kuonja kwetu kulianza kwa kunawa mikono, na wageni waliamini ndivyo wanavyofanya watu wa divai dunia nzima.

Baada ya kunawa akawaeleza kazi ya kweli ya ndoo. Papa Mwilambwe akaweka glasi chini. "Mama, weye unanipatia kintu muzuri, miye nikiteme mbele yako? Ulinikoseaka nini?" Naye alikuwa na haki. Kwetu kutema mbele ya mtu kuna maana mbili tu. Ukitema chini umemdharau, na hapo jiandae kwa ugomvi. Mkubwa wako akikushika mikono, akakutemea mate kidogo viganjani, mepesi kama manyunyu, amekubariki, na unajipaka usoni ili baraka isipotee. Kutema ndani ya ndoo hakukuwa baraka, kwa hiyo kulikaribia dharau, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujaribu. Basi wageni walimeza, kila Jumamosi, na kufikia chupa ya mwisho walikuwa wanaimba nyimbo za kanisani kwa sauti nne. Tuliotema ni sisi wawili tu, Mama Kahindo na mimi, kule nyuma, tumewapa watu mgongo kama wezi. Doa la zambarau ni letu.

Nililala na kuamka na ule mwaka wa Baba. Kila jioni nilimletea habari moja ya dukani wakati wa chakula, nikachagua zile ambazo zingempendeza, na yeye alikula bila kuinua kichwa. Moja ilikuwa ya lori lililokwama Kasumbalesa. Foleni ilikuwa ndefu, jua la Oktoba lilikuwa kali, na lilipofika Lubumbashi vizibo vilikuwa vimeinuka kwenye shingo za chupa. Tukafungua moja. Divai ya mujane, ile ya masuku, ilikuwa imepikika. Ilinuka jemu iliyoungua. Kaka yake Mama Kahindo, mwenye lori, alikuwa amesimama mlangoni na nilisikia kila kitu kutoka chumba cha nyuma. Alimwambia dada yake aache utoto, auze, nani atajua. Mama Kahindo akajibu bila hasira: "Ule mujane atanipigia simu. Ataniuliza bantu banaonaka divai yake namna gani. Nitamujibu nini?" Hakuuza hata chupa. Tulipikia nyama ya mbuzi na nyingine tukaifanya siki. Niliposimulia hayo nyumbani, Baba alikaa na tonge mkononi. Akauliza, "Hakuiuzisha?" Nikasema hakuiuza. Akatikisa kichwa kidogo kukubali, akachovya tonge kwenye mchuzi. Usiku huo nilithubutu kutumaini.

Mwaka ukaisha, mvua za kwanza zikarudi, na Baba akaja. Alikuja Jumamosi, amevaa suti yake ya misa kuu, na viatu amevipangusa vumbi la Ruashi kabla ya kuvuka kizingiti. Nilikuwa nimemwomba Mama Kahindo tufute kuonja siku hiyo, tumpokee kwa chai, nikihofia nyimbo za sauti nne. Alikataa. Alisema kama Baba amekuja kuona na macho yake, aone. Akamkaribisha kwenye kiti cha katikati, karibu na Papa Mwilambwe, akamwita Papa Bea, kwa jina langu, kama ilivyo desturi. Nilileta birika. Baba alinawa polepole, akaitazama meza nzima ikinawa, akasema, "Hapa munanawa." Haikuwa swali, na nilimjua vya kutosha kuona kwamba imempendeza. Lakini nilipofika kwake na chupa, alifunika glasi yake kwa kiganja.

Mama Kahindo hakumbembeleza. Alikaa chini mbele yake, mikono mapajani, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani. "Papa Bea, siku ile uliapaka namna gani? Neno lenyewe?"

Baba akajibu kama anayesoma. "Niliapaka: sitameza tena pombe, mupaka kufa."

"Kumeza."

"Kumeza."

"Basi hapa hatukuombe umeze. Kuonja si kumeza. Onja, kisha tema. Ndoo iko pale."

Ningemkatalia mimi kama ningekuwa na ruhusa ya kusema. Lakini Baba alikuwa katekista. Alifundisha watoto maisha yake yote kwamba kiapo kiko kwenye neno, na neno ni lile ulilosema, si lile jirani analodhani umesema. Akaondoa kiganja juu ya glasi. Nilimimina ya mujane, mpya, iliyofika salama. Alinusa kwanza, bila kufundishwa. Akaiweka yote mdomoni, akafumba macho. Sijui aliona nini humo. Alipoyafumbua, mashavu yamejaa, nilisukuma ndoo mbele yake, na ndipo nikaona tumemfikisha wapi. Akimeza, amevunja kiapo cha maziko ya kaka yake mbele ya mashahidi. Akitema kwenye ndoo, ameidharau meza iliyomlisha mtoto wake mwaka mzima, na alikuwa mtu wa kwetu, hakuna aliyehitaji kumweleza. Papa Mwilambwe aliangalia kofia yake. Mama Kahindo alikuwa ameshajua kosa lake, uso ulimbadilika. Mimi niliona gunia la samaki, na barabara ya Pweto, na nilitaka kulia.

Baba akaniita kwa kidole. Nikazunguka meza, nikapiga magoti kando ya kiti chake. Akanishika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akainama, akanitemea. Mepesi, kama manyunyu, kidogo kidogo, mpaka mdomo wake ukawa mtupu. Divai ikanijaa viganjani, ikapita kati ya vidole, ikachora kitambaa cheupe. Papa Mwilambwe akavua kofia, na hiyo ndiyo mara pekee niliyoona kipara chake. Nikajipaka usoni, nikalia bila aibu. Baba akatoa leso yake, akajipangusa midomo, akakaa vizuri kitini.

"Masuku," akasema. Kisha akamgeukia Mama Kahindo: "Mutoto wangu njo huyu. Ninakuachia."

Nilikaa na Mama Kahindo kwenye duka lile mpaka mvi zikaniota. Tone moja bila shaka lilipita kooni mwa Baba siku hiyo, hata katekista ana koo. Lakini hilo amekwisha kulieleza kwa Mungu aliyemwita, na mimi simo. Jioni ile tulirudi Ruashi, mvua imekatika, barabara yote inanuka kichuguu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye bomba la uani, maana viganja vilikuwa vinanata na uso ulinivuta kama uliopakwa utomvu. Baba alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, anafungua kamba za viatu. "Usinawe," akaniambia. "Iache ikauke yenyewe." Sikunawa. Nililala nikinuka masuku, na asubuhi shuka lilikuwa la zambarau, na sikulifua kwa muda mrefu.

Msichana alirudi na birika, kama nilivyomwomba. Watu wote chini ya turubai walikuwa wameshanawa na walikuwa wananingoja mimi, maana nilikuwa mkubwa mezani na hakuna ambaye angegusa chakula kabla yangu. Nilifikiria neno la Baba. Nilifikiria pia marehemu wetu, ambaye hakuruhusu mgeni ale kwake na mikono isiyonawa, na aliyenikata jicho siku ile ili nisimcheke mtu. Nikanyoosha mikono juu ya ndoo, viganja juu, nikamwambia msichana amimine taratibu.